Bi Nyanzala Hajazaliwa

Faksi ilifika Novemba, imekunjamana,
wino umefifia kama chai ya majani yaliyochemshwa mara tatu:
mwaka ukigeuka, mashine zinazokumbuka tarakimu mbili tu
zitadhani zimerudi elfu moja mia tisa.
Katibu Mihambo akaisoma, akaiweka chini ya kikombe.
"Lugendo, wewe ndiye uliyesomea mambo haya."
Nilisomea miezi minne, Dodoma. Kupiga chapa kukiwamo.

Ushirika wetu wa asali na nta, nyuma ya stesheni ya Tabora,
ulikuwa na kompyuta tatu.
Moja ilikufa zamani; tuliifunika kitambaa cha kufuma.
Wanachama elfu mbili na ushee, Sikonge, Ipole, Kitunda,
kila mmoja na namba yake, mkopo wake wa mizinga,
mwaka wake wa kuzaliwa. Tarakimu mbili.

Usiku wa majaribio niliisogeza saa mbele,
mlango nimeufunga, kama mtu anayechungulia barua isiyo yake.
Saa sita. Skrini ikapepesa.
1900.
Reli haijafika. Mjerumani yumo bomani anahesabu rupia.
Na Msabila wa Ipole, tunayemdai mizinga thelathini,
ghafla anatudai sisi riba ya miaka tisini na tisa.
Nikacheka. Kisha nikaacha,
maana Msabila ni mtu wa kudai.

Ramadhani ikaingia pamoja na mvua.
Tukachapa kila daftari; printa ya sindano ililia siku sita,
karatasi zenye matundu pembeni zikajaa hadi mlangoni.
Mwanahawa akazikata, akazifunga furushi kwa kamba za magunia.
Jioni tulifuturu juu ya meza ya uhasibu,
uji, boga, tende tano kwa watu watatu.
Halafu programu, mstari kwa mstari.
Kanuni yangu ilikuwa fupi, niliipenda:
chini ya hamsini, ni elfu mbili na kitu;
hamsini na kupanda, ni karne inayokwisha.
Nikaijaribu kwenye mikopo mara kumi na moja.
Msabila akarudi kuwa mdaiwa.
Nikalala vizuri.

Ijumaa, tarehe thelathini na moja, tulikesha.
Katibu alivaa suti.
Saa tano na dakika arobaini umeme ukakatika.
Si karne. Ni TANESCO.
Basi karne ikapita mbele ya mashine zilizolala,
sisi na kibatari, mvua juu ya bati,
na garimoshi la Kigoma, lililotakiwa kufika karne iliyopita,
likipiga honi mbali.
Tukala daku. Hakuna aliyesema neno
mpaka Mwanahawa alipouliza chumvi iko wapi.

Jumatatu mashine zikawaka, tarehe sahihi.
Katibu akaanza barua ya mkoani: Tumevuka salama.
Saa nne akaingia Bi Nyanzala,
namba 0417, malipo ya madebe matatu.
Nikaingiza namba.
UMRI: -8. MALIPO YAMEZUIWA.
Alizaliwa mwaka wa nane. Chini ya hamsini.
Nikamweleza. Sijui kwa nini nilimweleza.
"Nani hajazaliwa?"
"Mashine inasema, Bibi..."
"Hiyo mashine imepandisha mzinga mtini lini?"
Akagonga meza kwa ufunguo wa sanduku lake.
"Hela yangu."

Mwanahawa alishafungua furushi,
kidole kimesimama kwenye 0417.
Tukamlipa kutoka kwenye karatasi. Akahesabu mara mbili,
akarudisha noti moja iliyochanika, akataka nzima.

Jioni niliwatafuta wote, wa mwaka wa kumi na mbili,
wa thelathini, wa arobaini na tisa,
mia sita na watatu,
nikawaandikia tarakimu nne nne, mmoja mmoja.
Mmoja wao alikuwa marehemu tangu themanini na saba.
Naye nikamwandikia.