Siku Sabini na Nne

Mume wangu Tengizi anataka kijiko kiwe chake.
Anakitaka kama mtoto anavyotaka mbwa:
amekwisha kukipa jina,
amekwisha kuupima ua kwa hatua,
amekata tawi la mjozi lisije likakwaruza rangi.

Mimi ndiye mwenye daftari.
Msimu uliopita, barabara ya juu ya Oni,
tulikodi kutoka Kutaisi, lari mia saba kwa siku,
na kila siku tuliyolipa niliitia alama ya penseli:
sabini na nne.
Kumi na moja kati ya hizo ilinyesha kutwa.
Kijiko kikakaa ukingoni mwa Rioni, shingo chini,
kama ng'ombe anayengoja wa kumkamua,
na mwenye mali akaihesabu mvua kuwa kazi.

"Umeona?" asema Tengizi. "Nguo ya kuazima..."
Hamalizi methali. Mama yake yumo chumbani.

Nami namsomea ukurasa wa pili:
benki, elfu tatu na mia nne kila mwezi, miaka mitano,
na Januari nayo ni mwezi,
na Februari, theluji ikifika kwenye kitasa, ni mwezi pia.
Minyororo. Mafuta ya haidroliki.
Meno ya ndoo, yanayolika upesi kuliko yangu.
Jumlisha, toa:
kukodi kunashinda kwa elfu nne,
bei ya ng'ombe wawili, mmoja akiwa mkonde.

Kisha namwita dirishani atazame kwa Jumberi.
Jumberi alinunua mwaka ule wa daraja.
Daraja likaisha, deni likabaki,
na sasa kuku wanatagia ndani ya ndoo.
Tengizi akavuta pazia.

Alhamisi usiku mlima ukashuka.
Ulishuka kwa adabu, kama mtu anayekaa kitako,
ukaikalia barabara chini ya shule.
Upande wa huku jeneza la mzee Valiko, limetoka mjini jioni ile;
upande wa kule Valiko mwenyewe.
Tengizi akapiga simu Kutaisi.
Vyote viko kazini, wakasema. Labda Jumanne.

Jumberi akatoka na tochi na betri mbili za lori.
Kikakohoa. Kikanyamaza.
Kikakohoa tena, kikatema moshi na manyoya,
kikaondoka na Tengizi juu yake,
nami nyuma nikibaki na mayai kumi na manne kwenye aproni.

Alirudi kumekucha, matope hadi kwenye nyusi.
Hakusema neno, na mimi sikumuuliza.
Usiku mmoja si msimu; hilo nalijua,
penseli yangu inalijua.
Nikafungua daftari, nikaandika tarehe,
na mbele yake, penye safu ya bei,
mkono ukasimama.

Baada ya mazishi nikavuka ua.
"Jumberi, nusu ya kijiko unauza kiasi gani?
Mafuta nusu kwa nusu. Theluji nusu kwa nusu."
Akakuna kidevu. Akawatazama kuku,
ambao walikwisha rudi kama wenye hati.
"Nusu ipi," akauliza, "ya mbele au ya nyuma?"
"Ile isiyotaga," nikasema,
nikalamba ncha ya penseli.