Karata za Kuazima

Basi lilituharibikia Covilhã, theluji magotini,
na mkahawa wa Deolinda ndio pekee uliowaka taa.
Nikaomba karata. Akafuta mikono kwenye aproni,
akanipa za marehemu Belmiro:
zimelainika kama leso, zanuka kahawa,
tatu ya pau haimo.

Si zangu. Hapo ndipo ilipo nusu ya uchawi:
nani anishuku kwa mali ya mwenyewe?

Nikachanganya, nikazigonga mezani zikae sawa,
jicho likaiba ya chini kabisa.
Saba ya uru. Basi. Sina siri nyingine.
"Chagua moja. Itazame. Iweke juu. Haya, kata."
Ya chini ikaenda kuilalia yake,
jirani asiyejua kufunga mdomo.

Dereva akasogea na kikombe chake.
Mtoto wa Zulmira akapanda juu ya kiti.
Nikafunua mojamoja, uso nimeukunja kama mganga:
nne ya kopa, ghulamu wa shupaza, ree ya pau,
saba ya uru.
Nikavuta pumzi, nikaichelewesha.
"Bibi wa kopa!"

Makofi. Deolinda kajishika mdomo, macho pima.

Baadaye, akinipakulia supu ya kabichi, akaniinamia:
"Belmiro alichungulia kwa jicho la kushoto.
Miaka thelathini na moja, kila Jumamosi,
na mimi kila Jumamosi nachagua huyo huyo bibi.
Wewe umetumia la kulia."

Pesa ya supu akaikataa.
Karata akazifunga kwa mpira,
akazirudisha nyuma ya redio.