Mavi ya Chuma

Kitabu nilikikuta masijala ya ardhi, Kigoma mjini,
kimetiwa kabari kwenye dirisha lisilofunga
lisije likapigapiga upepo wa ziwa unapoamka.
Jalada limeliwa, na jina la mwandishi limeliwa nalo.
Mchwa wa hapa hawabagui.
Kwenye kurasa zilizopona
mapadri wa zamani walikuwa wamefasiri maneno ya Mgiriki
juu ya Populonia, mji wa Waetruski,
bandari ya watu ambao vitabu vyao wenyewe havikufika.

Mgiriki anasema: mji umekaa juu ya rasi,
na rasi inakatika ghafla baharini.
Anasema: nilipanda mwenyewe, nikaona.
Mahekalu, nyumba chache, basi.
Chini, gati dogo na mabanda mawili ya mashua;
huko ndiko watu walikohamia.
Pana na kituo cha mlinzi wa samaki,
kazi yake kukaa tu, kutazama jodari wakipita.
Chuma huchimbwa kisiwani lakini kisiwani hakiivi,
huvushwa huku, kije kionje moto.
Na ukikaza macho, ng'ambo utaona visiwa:
kimoja waziwazi, kingine kwa kubahatisha.

Nilihesabu mistari. Kumi na miwili.
Mji uliovukuta moto miaka mia kadha
umeachiwa nafasi ndogo kuliko risiti ya mawese.

Mchana nikaitwa Ujiji, na futikamba, na vigingi,
kupima kiwanja cha Bi Mwavita Bilombele.
Hati yake ya kale ilisema: mashariki, njia;
kusini, kwa Rukemanga;
magharibi, maji.
Maji gani? Niliona mihogo.
Mihogo, halafu matembele, halafu goli la watoto lisilo na wavu,
halafu, mbali kule, uzi wa fedha.
"Yaliondoka nikiwa mwali," akasema.
"Mwaka wa mafuriko yakarudi, yakalala jikoni kwangu,
yakaondoka tena bila kuaga.
Maji ni jirani asiye na hati.
Wewe andika tu, maji. Yanajijua."

Kigingi cha tatu kilikataa kuingia.
Nikachimbua: jiwe jeusi, zito kuliko lilivyoonekana,
lina matundu kama mkate wa kumimina.
"Mavi ya chuma," akasema, hata hakushangaa.
Analo jingine kibandani, hugandamizia turubai juu ya madebe ya mawese.
Wahunzi wa Buha walikoka moto hapa, akasema,
kabla ya hao wenye bendera;
majembe yao yalivuka ziwa yakaolea wake wa ng'ambo.

Mgiriki hakuandika nani alishika mivukuto,
nani alipeleka uji tanuruni usiku,
mtoto gani aliungua mguu.
Alipanda, akaona, akashuka.
Nami nina fomu yenye mistari mitano.

Nikapanda mteremko nyuma ya nyumba, kutafuta jiwe la mpaka.
Hewa ilikuwa imeoshwa na mvua.
Milima ya Kongo ilisimama ng'ambo,
kilele kimoja waziwazi, kingine kwa kubahatisha.
Nikaona haya, kama mtu aliyekutwa na nguo ya mwenzake.

Niliposhuka nikaandika: Hapa kiliyeyushwa chuma.
Nikamwuliza majina.
Akahesabu kwa vidole vyenye mawese:
Ruhuza, babake mama. Ntibagiza, babake Ruhuza.
Kisha mwanamke, mvukutaji, aliyekuwa na sauti kali,
jina lake, jina...
Kidole cha tatu kikabaki hewani,
kikatua kwenye fomu, mstari wa tano,
kikaacha doa jekundu.

Masijala hawapendi madoa.
Sikulifuta.