Na Mamake?

Wa kwanza nilimnunua ndani ya boksi la sabuni,
karibu na soko la zamani la Malindi,
kwa kijana wa pikipiki mwenye haraka
ya mtu aliyeacha chungu motoni.
"Mjerumani halisi, mama. Babake alikuwa polisi."
Nikauliza: Na mamake?
Akawasha pikipiki.

Siku ya tatu mtoto aliharisha damu.
Siku ya sita nilichimba shimo nyuma ya mpapai,
mapigo manne ya jembe, likatosha.
Ile namba ya simu ilikuwa imekufa kabla yake.
Sikulia. Nilisema ni mbwa tu.
Nililisema hilo mara nyingi mno
kwa mtu asiyelia.

Wezi hawakungoja matanga.
Waliingia Jumanne, wakabeba betri ya sola
na kuku wote wa mayai.
Ndipo Tsofa, muuza dawa za mifugo kule Maweni,
akaniandikia jina nyuma ya risiti:
Nyevu Mwambire, Msabaha.
"Huyo si rahisi," akasema.
Nikadhani anazungumzia bei.

Nilifika na pesa zimefundikwa kwenye ncha ya leso.
Nyevu hakuzihesabu. Alinihesabu mimi.
Muyeye wapi? Una lango, au una nia ya lango?
Ukienda mazishini Ganze siku nne, nani atamlisha?
Jirani wa ukutani ni nani?
— Bi Zamzam.
Anaswali barazani? Umemwambia?
Mbwa akikanyaga jamvi lake, utakayeliosha ni wewe.
Na wa kwanza alikufaje?

Sikuwa nimetaja wa kwanza.
"Hawaji kwangu na macho hayo," akasema, "bila wa kwanza."

Akanipeleka uani, chini ya makuti.
Maji safi, harufu ya dawa ya sakafu na uji wa dagaa,
na mama mtu amejilaza, chuchu zimejaa,
jina lake Siniseme.
Akainua kichwa, akanitazama,
akaona sina jipya, akalala tena.
"Mtoto ni barua tu," Nyevu akasema,
"mwandiko ni wa mama. Soma mama kwanza.
Mwakani hazai. Tumbo si kinu."

Akaleta daftari la shule, mistari kwa kalamu nyekundu:
chanjo, dawa ya minyoo, uzito wa kila Jumamosi,
na ukurasa wa nyuma, waliowahi kununua, na namba zao.
"Mpigie yeyote. Mpigie na huyu,
huyu tuligombana."

Watoto walikuwa watano.
Mmoja, mwenye sikio moja lililogoma kusimama,
akaja akakalia mguu wangu
akaanza kutafuna ncha ya leso, pale penye pesa.
Nikasema: Basi, huyu.
"Ana wiki tano. Bado ananyonya,
bado nduguze hawajamfunza kwamba jino linauma.
Rudi akifika nane. Uje na picha ya lango."
Nikafungua fundo nimpe hata kianzio.
"Rudi nazo.
Na siku yoyote ukimshindwa, kwa ugonjwa au kwa kuhama,
mlango wa kumrudisha ni huu.
Si jaani. Si barabarani usiku."

Nikapanda gari mikono mitupu, nimekasirika
mpaka Malindi mjini.

Leo ni wiki ya saba.
Bi Zamzam ametoka na kanzu yake ya nyumbani,
amenionyesha kwa kidole: mpaka hapa.
Tumepiga mstari wa chokaa.
Lango lina bawaba moja; ya pili fundi anaidai.

Jana nilimpigia yule waliyegombana.
Alilalamika dakika kumi nzima:
mwanamke yule ana kero,
kila mwezi anapiga simu kuuliza mbwa amekula nini,
mwaka wa tatu sasa, hachoki!

Nikamshukuru, nikakata,
nikaenda kununua bawaba.