Futikamba ya Kuazima

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi
naazima futikamba kwa fundi Mnali, mkabala na stendi ya Newala.
"Irudi safi, Mwalimu Fidea. Mara ya mwisho
ilipima kiuno cha bibi harusi, ikamwachia mchanga."

Naitandaza juu ya udongo mwekundu,
huu unaong'ang'ania soksi hadi sabuni inakata tamaa.
Mnaruka mmoja mmoja, miguu pamoja, bila kukimbia.
Hokororo: mita moja na themanini na tisa, katua kama gunia la korosho.
Asumini: kaanguka kwa makalio, kadai tumpime kuanzia puani.
Nawe, Somoe, mita mbili na nne,
ukageuka kutazama ulikotoka
kama mtu aliyesahau kitu ng'ambo.

Niliandika kwa wino. Nilijivuna.
Nikakuongezea mbio: alfajiri hadi Shimo la Mungu na kurudi,
jioni raundi ishirini,
na ulipochechemea nilisema, ni msuli tu, utazoea.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, tumezoea kusema.
Mimi ufa niliukimbiza raundi ishirini.

Kule Ndanda daktari aliinua picha kuelekea dirishani.
Mfupa wa muundi wako, mweupe,
na mstari juu yake, mwembamba kama unywele,
kama ule wa kikombe ambacho nyumba nzima inaujua
na bado kinapewa mgeni.
Hakuuliza unakimbia kiasi gani.
Aliuliza unakula nini kabla.
"Chai ya rangi."
Na baada?
Ukatazama sakafu.
Akauliza siku zako.
"Miezi minne sijaziona," ukasema, ukanigeukia mimi,
"nilidhani ndiyo mazoezi yamekolea."

Nilitoka nje. Nikahesabu matofali ya ukuta wa wodi,
nikapotea, nikaanza upya.

Somoe, chuoni hawakunifundisha kwamba mfupa una masikio.
Msuli huuvuta kama mtoto anavyovuta upindo wa kanga sokoni,
mama, geuka, mama, niangalie,
na mfupa hugeuka,
hujiongezea unene pale pale ulipovutwa.
Ndiyo maana nilikurusha. Hapo sikukosea.
Lakini mchana ni kubomoa tu;
mafundi wake huingia usiku, umelala,
na miezi yote ile
waliingia na makarai yao, wakakuta hakuna saruji.

Wiki nane magongo yako yaligonga sakafu ya darasa.
Nilikuja kwenu; mama yako alidhani nimefuata mchango.
Nilileta kunde, na dagaa wa kukaanga, wazima na vichwa vyao.
Akanikaribisha ming'oko, bado inafuka moshi,
akaimenya polepole, macho kwenye vidole.
"Mimi aliniambia anashiba shuleni," alisema.
Mimi uliniambia unashiba nyumbani.
Tukatafuna, wanawake wawili
tuliodanganywa na mtoto mmoja mwenye adabu.

Leo Jumatatu tena. Futikamba iko chini.
Hokororo kakuhesabia, moja, mbili,
nami nimefumba macho, nimesikia tu kishindo,
kile kishindo kizito, kizuri, cha visigino viwili.
Mita moja na sabini na moja.
Asumini kacheka, kisha kajiziba mdomo.
Safari hii nimeandika kwa penseli.

Hukucheka wala hukununa.
Ulirudi nyuma ya mstari, ukapangusa nyayo,
ukaomba kuruka tena.

Nikakuonyesha bakuli juu ya benchi.
Kwanza maliza kunde.