Mkaguzi wa Kabati

Kabati hili nililiunda mwenyewe, hapa hapa Keko Machungwa,
mwaka ule mninga ulipopanda bei
nikachanganya na msonobari, nikapaka rangi ya mninga,
na penye ufa nikajaza gundi na vumbi la mbao.
Nyamizi, mke wangu, hakuona.
Mende kaona.

Saa saba usiku nawasha taa
na wao, kama watu waliofumaniwa,
hawajui waanze na mguu upi.
Mmoja anabaki ukingoni mwa kikombe cha Sikujua, binti yetu wa mwisho,
anachezesha masharubu taratibu
kama afisa aliyekuja kupima kiwanja.
Namkosa kwa ndala.
Ndala inalipata bakuli.

Tumejaribu. Usiseme hatukujaribu.
Chaki ya yule kijana wa spika begani,
panya mende kunguni viroboto, jero tu, jero tu,
tukachora mistari mlangoni kama uwanja wa rede
wakaivuka wote bila kuguswa na mpira.
Mafuta ya taa: chai ikanuka, shuka likanuka,
mtoto akaenda shule akinuka kandili.
Na dawa ya kopo.

Lakini nyumba ina vyumba sita, korido moja,
na dari isiyojua kodi ya nani imeishia wapi.
Ukipuliza wewe, wanahamia kwa jirani.
Akipuliza jirani, wanarudi na watoto.
Miaka miwili tukatumiana mende
kama wengine wanavyotumiana salamu.
"Hawa mende wako," akasema Mama Shufaa.
"Wangu? Wameandikwa jina?"
Tangu hapo tukawa tunapishana koridoni kila mtu na ndoo yake,
maji ndiyo yanayosema.

Mpaka mende alipoingia sikioni mwa mjukuu wa Mzee Mbwambo.
Tulimsikia. Hakuna ukuta uliozuia kilio kile.
Waliporudi alfajiri kutoka Temeke
wakiwa na mende kwenye kipande cha karatasi,
mdogo, si chochote,
hakuna aliyeuliza ametoka chumba gani.

Jumamosi tukatoa vyote uani.
Magodoro, masufuria, picha za harusi, ndoo za unga.
Vitu vya mtu vikikaa juani, umemwona mwenyewe:
Mzee Mbwambo ana sanduku zima la barua.
Chiku, ambaye hana hela ya umeme kila mwezi,
ana blenda mpya, bado imo kwenye boksi.
Na upawa wa Nyamizi, ule uliotugombanisha na nusu ya mtaa,
ulikuwa nyuma ya friji la Mama Shufaa, umevaa utando.
Akauosha. Akamrudishia kwa mikono miwili.
Nyamizi akasema ahsante,
kwa sauti ya mtu anayejaribu kiatu cha zamani.

Asidi ya boriki, unga wa ngano, sukari, kitunguu.
Watoto tukawafukuza mbali
tukakaa kwenye mkeka kufinyanga vidonge
kama visheti vya sikukuu isiyo yetu.
Vyumba vyote sita, siku moja, saa moja.

Ikafika zamu ya kabati.
Tukalilaza chali, watu wanne, na ufa ukafunguka
mbele ya kadamnasi:
gundi imekauka, vumbi la mbao linamwagika,
na mende wanatoka mmoja mmoja kama mashahidi.
"Fundi," akasema Mama Shufaa, polepole,
"la namna hii umemuuzia nani mwingine?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nahesabu.
Tandika, mawili. Yombo, moja.
Yule mwalimu wa Kurasini, seti nzima,
na alinipa soda.

Asubuhi nikafagia. Wamekufa kifo chao,
kile ambacho watu hutaniana kwacho,
tumbo juu, miguu imekunjwa kwa adabu.
Mmoja alikuwa bado ananyanyua sharubu moja
kuelekea kabatini.
Nikamsubiri amalize.
Kisha nikaenda kutafuta patasi.