Ya Kiasi cha Mkono Wangu

Pale Birere, butike ya tatu ukiwapita wauza chumvi,
Bauma amezipanga juu ya kitambaa chekundu.
Ananishika kiwiko: "Mzee Sikuli, beba hii.
Milioni ishirini na nne!"
Namuuliza, milioni ishirini na nne za nini?
Anacheka. Nami nacheka.
Swali limebaki mezani, halina mwenyewe.

Mimi ni mpiga picha wa pasipoti na ubatizo,
wa kadi za wanafunzi wa Katindo,
kichwa katikati, masikio yaonekane yote mawili.
Nilianza enzi za filamu, picha thelathini na sita,
kila mbofyo hela,
kwa hiyo nilijifunza kungoja:
bibi harusi ashushe pumzi kwanza,
baba mkwe amalize kukohoa,
ndipo kidole.
Kungoja ndiyo elimu yangu. Nyingine sina.

Kamera yangu iliyotangulia iliuawa na vumbi.
Wenyeji mnalijua: si udongo lile,
ni jiwe la volkano lililosagwa na magurudumu,
linapenya hata pasipopita unywele.
Lenzi ikifunguka ililia krrr,
kama mtu anayetafuna maharage yenye mchanga.
Fundi aliifungua, akaikung'uta,
akamwaga mezani
kijiko kizima cha mlima.

Sasa hii kubwa.
Ina vifungo vingi kuliko kanzu ya askofu.
Katungu, binti wa dada yangu, anaipapasa ubavuni:
"Mjomba, watu watakuheshimu."
Ni kweli. Mji huu hulipa kwa macho kwanza.
Ukifika harusini na kamera ya kukaa kiganjani
msema chochote atakusukuma nyuma,
kwa wageni na simu zao.
Hilo nimeliwaza usiku, kwenye giza,
kuliko nilivyowaza hizo milioni.

Ila lenzi yake nyingine huuzwa kando, bei ya mbuzi wawili.
Ila betri yake hainywi ila kwenye chaja yake,
na umeme wa kwetu ni mgeni wa heshima:
huja autakapo, huondoka bila kuaga.
Ile ndogo ya pembeni, iliyochubuka pua,
inakula betri za barabarani,
zinazouzwa sinia moja na viberiti na sabuni.

"Nijaribu," nikasema. Bauma akanuna, akakubali.
Anapita kijana na chukudu lake, magunia ya makala,
ngozi nyeusi tii, shati jeupe,
nyuma yake ukuta wa mawe meusi.
Tukamsimamisha.
Nikaishika kubwa, nikaiacha kwenye herufi ya kijani
maana herufi nyingine hatujatambulishana.
Shati likatoka safi, kola, mshono, kifungo kilichokatika.
Uso: shimo.

Katungu akaninyang'anya.
Akazungusha kitu kidogo, tiki, tiki,
akapiga.
Uso ukaja. Na kovu la nyusi. Na jasho
lililokuwa bado halijaamua lidondoke wapi.
Alijifunzia wapi? Sikuuliza.
Nilitazama vidole vyake tu,
jinsi vilivyojua njia.

Nikachukua ile ndogo. Nikangoja.
Kijana akachoka kusimama wima,
akageukia ng'ambo, kwenye mabati mapya yanayorusha jua,
mwanga ukampaka shavu.
Hapo.
Uso ukaja na kwangu pia,
si mkali kama wa Katungu, lakini ni wake,
mamake angeutambua.

Nikalipa ndogo. Bauma akafunga gazeti na uzi.
Kisha nikahesabu dola arobaini zilizobaki,
nikamsukumia:
"Ile kubwa usiiuze mpaka Pasaka."
"Umebadili mawazo, Mzee?"
"Hapana," nikasema, na sikumtazama mtoto wa dada yangu,
aliyekuwa ghafla anasoma bei za redio.

Kijana wa chukudu hakuwa ameondoka.
Alitaka kujiona. Akajiona, mara mbili,
akasema picha ni nzuri zote,
na soda yake iko wapi.